Nilipeleka sarafu sita za kwetu kugredishwa: huduma nzuri, ila sio ya kila sarafu

Wadau wa sarafu za zamani habari zenu. Mwaka huu nimefanya kitu nilichokuwa nakiahirisha muda mrefu, nimechukua sarafu zangu sita za Afrika Mashariki nikazipeleka kwa wale wataalamu wanaozikagua, wanazipa gredi na kuzifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo, wenyewe wakusanyaji wanaita slabu. Zimerudi zote, ziko hapa mezani naziona wakati naandika, na kwa vile wakati najiandaa nilitafuta mtu aliyeieleza hii kitu kwa Kiswahili nikakosa, nimeona niandike mimi, gharama, muda, majibu yaliyokuja na hizo gredi zenyewe zinavyokwenda maana hapo ndipo watu wengi wanapopigwa.

Mimi ni wa Tanga ila nipo Munich, mwaka wa tisa sasa. Huku hela za kwetu za enzi ya Mjerumani zimejaa, unaenda soko la vitu vya zamani Jumamosi asubuhi unakuta heller, zile sarafu ndogo za Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Kijerumani), zimetupwa bakuli moja na vifungo vya koti na funguo, na muuzaji mwenyewe hajui Tabora iko wapi. Ndiyo nilivyoanza. Zile sita zilikuwa hizi: rupia ya 1892 ya ile kampuni ya Kijerumani (hii ni ya marehemu bibi yangu, nitaieleza chini), pesa ya 1890 ya kampuni hiyohiyo (pesa hapa ni jina la sarafu ndogo ya shaba), heller 1 ya 1913, heller 20 ya Tabora ya 1916, pesa ya Sultan Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria ambayo ina mizani upande mmoja, na senti 10 yenye tundu ya 1936.

Kwanza kabisa tuelewane kampuni ya kugredi inauza nini. Haikuuzii sarafu na hainunui sarafu yako, inakuuzia jibu. Maswali mawili tu: hii ni halali au feki, na kama ni halali imetunzika kiasi gani. Zamani aliyekuwa anajibu hayo maswali ni muuzaji mwenyewe, na muuzaji akiuza sarafu yake ni nzuri sana, akija kununua yako ghafla ina mikwaruzo. Ugomvi huo ndio uliozaa kampuni za PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, zote za Marekani, na mpaka leo hizo ndizo mbili ambazo ukitaja gredi yao popote duniani mtu anakuelewa. Ziko nyingine, ila kuna vikampuni vya mfukoni vinachapa lebo ya 69, gredi ya karibu juu kabisa, kwa kila kitu na kuuza kwa watu wapya, hivyo kaa navyo mbali.

Gredi zinaenda kuanzia 1 mpaka 70. Kwa nini 70 na sio 100, hata mimi nilijiuliza. Ilitoka kwa Mmarekani mmoja William Sheldon, mwaka 1949, alikuwa anaandika kuhusu zile senti kubwa za shaba za Marekani za mwanzo akatengeneza kipimo ambacho sarafu ya 70 iwe na bei mara sabini ya ile ya 1. Hesabu ya bei ilikufa zamani sana, soko likaenda lilivyotaka, lakini namba zimebaki na ndizo zinazotumika hadi kwenye pesa ya Barghash ambayo Sheldon hakuwa anaifikiria kabisa.

Sasa hizo namba zinasomekaje. Chukua ile rupia. Kuna kichwa cha Kaiser Wilhelm wa pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu, ana zile sharubu zake. Sarafu ikitembea mikononi mwa watu sehemu zilizoinuka ndizo zinaanza kulika, kwa hiyo unaangalia shavu, sharubu, mabawa ya yule tai, halafu unageuza unaangalia manyoya ya simba aliyesimama mbele ya mnazi. Kama umebaki umbo tu hujui hata sharubu ziko wapi, uko kwenye namba za chini kabisa, 3, 4, 8. Ukiona nusu ya mambo uko VF, yaani 20 mpaka 35. Ukiona karibu yote ila shavu limelainika ni XF, 40 au 45. AU ni 50 mpaka 58, hiyo imeguswa kidogo tu pale juu kabisa. Kuanzia 60 mpaka 70 ni MS, haijatumika sokoni hata siku moja, na hapo sasa hawahesabu tena kulika, wanahesabu mikwaruzo ya kugongana ndani ya magunia, ukali wa chapa na mng'ao.

Hapa pana jambo ambalo kama ningelijua mapema ningeokoa hela: 58 mara nyingi ni nzuri machoni kuliko 60 au 61. Ile ya 58 imesuguliwa kidogo shavuni lakini uso wake wote umetulia, wakati ya 60 haijawahi kutumika ila imepigwapigwa na sarafu wenzake mpaka inasikitisha kuitazama. Namba iko juu, bei iko juu, lakini ukiziweka pamoja mezani mkono wako utaenda kwenye 58. Kwa hiyo usinunue lebo, angalia sarafu.

Na mng'ao ndio kitu nilichochelewa kukielewa kuliko vyote. Sio kung'aa tu. Zima taa zote chumbani acha moja ya mezani, shika sarafu kwa ukingo kwa vidole viwili, ilaze chini ya taa halafu iinamishe taratibu huku na huku. Sarafu ambayo ngozi yake ni ya kiwandani utaona mistari ya mwanga inazunguka kutoka katikati kama miali ya gurudumu la baiskeli inavyozunguka. Sarafu iliyosuguliwa na mtu inang'aa yote mara moja, kama bati jipya, haina gurudumu. Nimekaa na pesa yangu ya 1890 usiku mzima nafanya hivyo, na nilipoliona lile gurudumu kwa mara ya kwanza niliita mke wangu aje aone.

Hiyo pesa ya 1890 ndiyo iliyorudi vizuri kuliko nilivyotegemea, MS 63 BN. BN ni rangi, kwa sarafu za shaba tu: BN ni kahawia, RD ni nyekundu kama ilivyotoka kiwandani, RB iko katikati. Nyekundu ndiyo ghali kwa sababu shaba haikai nyekundu miaka mia na kitu kwenye hewa, hasa hewa ya pwani. Heller ya 1913 ilirudi MS 64 RB, ukiigeuza unaona wekundu umejificha pembeni ya taji. Pesa ya Barghash XF 45 BN, na hiyo nilifurahi sana maana hofu yangu ilikuwa ni ufeki, gredi nilikuwa nimeshaikadiria.

Heller 20 ya Tabora hii inataka maelezo. 1916 Mjerumani yuko vitani kwetu, Mwingereza amefunga bahari, hela haziingii kutoka Ulaya na askari wanataka mshahara. Wakaanza kuchapa hela wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa mitambo ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana heller 20 za Tabora karibu zote ni mbovu mbovu, taji limechapwa nusu, herufi nyingine nene nyingine nyembamba, kingo hazilingani. Yangu ukiiangalia kwa haraka unasema hii imelika imekwisha. Nilijikadiria VF. Imerudi AU 55. Nilikaa nayo na lenzi nikaelewa: pale ambapo taji halionekani hapajalika, palikuwa hapajajaa tangu siku ya kwanza, ngozi ya shaba pale chini bado ina punje punje za bamba ambalo halikugandamizwa vya kutosha. Palipolika pangekuwa laini, pamepigwa msasa na vidole vya watu. Mkaguzi anayezijua hizi hela ameona tofauti hiyo na akanipa haki yangu. Kwa sarafu hiyo moja tu nasema hela yangu imerudi, maana muuzaji yeyote wa sokoni angeinunua kama iliyolika.

(Tabora hiyohiyo ndiyo walikochapa rupia 15 za dhahabu zenye tembo, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, vipande 16,000 na kitu tu. Sina, bei yake naiangalia kwa mbali. Ila ukitaka kununua ile, usinunue kabisa ikiwa nje ya kasha la kampuni inayoeleweka, feki zake ni nyingi mno. Halali ni gramu 7.17 hivi, lakini mizani peke yake haitoshi kukulinda.)

Haya, rupia ya bibi. Hii ndiyo nilikuwa naisubiri kuliko zote. Imerudi imeandikwa XF Details. Hilo neno Details kwenye lebo ndilo linaloumiza watu, maana yake sarafu ni halali, michoro imebaki kiwango cha XF, lakini ina jeraha ambalo haliwezi kupewa namba safi. Kuna majeraha mengi, kutobolewa, kukwanguliwa, kuliwa na udongo, kupakwa rangi ya uongo. Ya bibi lebo ilisema ina alama ya kitu kilichounganishwa ukingoni halafu kikaondolewa. Mimi sikuwahi kuona kitu. Nikachukua lenzi, nikazunguka ukingo, na pale juu ya kofia ya Kaiser kweli kuna sehemu ndogo kama nusu ya punje ya mchele, fedha yake ina rangi tofauti kidogo na vile vijino vya ukingo vimezibwa.

Nikampigia shangazi Tanga. Nikamwambia shikamoo shangazi, akasema marahaba mwanangu, hujambo huko baridini, nikamuuliza ile rupia ya bibi ilikuwa imefungwa wapi. Akanyamaza kidogo. Akasema ilikuwa kwenye kidani, zilikuwa saba, bibi alivalishwa siku ya harusi yake na mama yake, sonara alizitia vikonyo vya fedha vya kuzining'iniza. Baadaye shida zilipokuja zikauzwa moja moja, hii ya mwisho bibi aliiondoa kikonyo akaiweka kwenye kanga. "Na kila Idi ikikaribia alikuwa anazisugua kwa ndimu na majivu mpaka zinawaka, sisi watoto ndio tulikuwa tunasugua."

Sasa mtu wa kampuni huko aliko, hamjui bibi wala Tanga, amekaa chini ya taa akaona punje ya mchele kwenye ukingo na akasoma kwamba hii ilivaliwa. Mimi niliyekaa nayo miaka sijaona. Kisoko ile alama imeshusha bei yake vibaya, rupia ya XF safi na hii ya Details sio wenzao kabisa. Lakini jibu ni la kweli na nililipia ukweli, siwezi kuipunguzia kampuni nyota kwa hilo.

Na hapo kwenye ndimu na majivu naomba niseme kwa nguvu. Hela za zamani nyingi sana za pwani yetu zimekufa hivyo. Ukwaju, ndimu, majivu, dawa ya meno, mchanga laini, tumezisugua kwa upendo kama tunavyosugua sinia, na kila msuguo unaacha nywele nywele ambazo hazitoki tena milele. Chini ya taa moja zinaonekana zote zimelala upande mmoja. Kama una riale za Maria Theresia, rupia, pesa au hata shilingi za Mwingereza nyumbani kwa wazee, acha na weusi wake. Ule weusi ni ngozi. Shika kwa ukingo, weka kwenye karatasi au kasha gumu, na usiweke kwenye vile vimfuko laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia jipya la bafu, vile vina PVC, vinatoa ute wa kijani unaokula shaba.

Ambayo inanileta kwenye malalamiko. Kampuni yenyewe sina neno nayo, ila wakala niliyempa sarafu hapa mjini azipeleke kwa niaba yangu simpi kazi tena. Aliniambia zinaondoka wiki hiyohiyo. Zilikaa kwake wiki sita anasubiri wateja wengine wajaze sanduku, na nilipouliza mara ya kwanza hakujibu, ya pili akasema ziko njiani. Tena nilizipeleka kila moja kwenye kapsuli yake, kikasha kigumu cha plastiki, akazitoa akaziweka kwenye vimfuko laini vilevile. Nashukuru hazikukaa sana zikaharibika lakini pesa ya Barghash nilikuwa silali. Kwa hiyo kama unaweza kufungua akaunti yako mwenyewe na kupeleka moja kwa moja fanya hivyo, fomu sio ngumu, unaandika nchi, mwaka, aina ya sarafu na thamani unayoikadiria kwa ajili ya bima. Kama lazima utumie wakala, akupe tarehe ya kuondoka kwa maandishi na namba ya mzigo.

Muda wote kuanzia nakabidhi mpaka napokea ulikuwa miezi minne na nusu. Gharama nimezijumlisha zote, ada ya kugredi, ya wakala, ya kupiga picha, posta na bima kwenda na kurudi, nikagawanya kwa sita: euro 52 kwa kila sarafu. Sikia hiyo vizuri halafu angalia ile senti 10 ya 1936. Niliinunua euro 3. Nilikuwa naipenda kwa sababu ni ya Edward wa nane, yule mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti Desemba mwaka huohuo 1936, hela zenye jina lake ni chache duniani lakini kwetu zilitoka za senti 5 na 10 kwa kuwa zina tundu katikati hazihitaji kichwa cha mfalme, jina tu linatosha. Historia tamu. Imerudi MS 63, safi kabisa, na thamani yake hata sasa haifiki nusu ya nilicholipa kuifungia kwenye lile kasha. Hata heller ya 1913 sijui kama itanirudishia. Hizo mbili sikutakiwa kuzipeleka.

Kwa hiyo mimi nikishauri mtu ni hivi, peleka sarafu ambayo feki zake ni nyingi, au ambayo gredi ikipanda hatua moja bei inaruka, au ambayo unataka kuiuza mbali kwa mtu asiyeweza kuishika. Riyali ya fedha ya Barghash, rupia za Mombasa za 1888 zikiwa nzima, hizo ndiyo. Senti za tundu na heller za kawaida nunua kapsuli ya plastiki basi.

Kasha lenyewe ni zuri, zito kidogo, plastiki safi, ukingo wa sarafu unaonekana karibu wote kwa sababu imeshikwa na vijino vinne, na halifunguki bila kulivunja ukaacha alama. Lebo ina namba, unaingia kwenye tovuti ya kampuni unaandika namba inakuletea maelezo na picha za sarafu yako. Fanya hivyo kila unaponunua ya mtu mwingine, na usiishie kuona namba ipo, linganisha picha kwa mkwaruzo, kwa doa, kwa kila kitu, maana siku hizi wanafeki mpaka kasha na kuchapa namba ya kweli ya sarafu ya mtu mwingine. Nilishawahi kuonyeshwa rupia hivyo kwenye maonyesho ya sarafu, namba inafunguka vizuri kabisa, lakini ya kwenye picha ilikuwa na doa jeusi nyuma ya mkia wa simba na ile iliyoko mkononi mwangu haikuwa nalo. Nikarudisha nikaondoka.

Kingine, gredi ni maoni ya watu. Wanakaa wakaguzi angalau wawili kila mmoja anaangalia peke yake bila kujua sarafu ni ya nani, halafu kuna mkubwa wao anayeamua, lakini sarafu hiyohiyo ukiipeleka tena inaweza kurudi hatua moja juu au chini, na kuna watu wanavunja makasha makusudi wanapeleka tena na tena kutafuta hiyo hatua moja. Kati ya 63 na 64 usigombane na mtu. Kati ya namba safi na Details, hapo sikiliza.

Nyota zangu: ukaguzi wenyewe tano kamili, kwa sababu ya heller ya Tabora na punje ya mchele ya bibi. Kasha na tovuti nne. Muda tatu. Wakala moja.

Shangazi nimemtumia picha ya rupia ikiwa ndani ya kasha, akaniuliza kama inaweza kutolewa atie kikonyo tena, binti yake anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Nimemwambia nashuka nayo, naipandisha ndege kwenye begi la mkononi, tukifika tutaamua pamoja. Nyundo ndogo ipo pale nyumbani.